Glakoma ya kisukari: upasuaji huokoa kilichobaki tu

MGONJWA wa kisukari anapofika hospitali akiwa na jicho jekundu linalouma hadi kichwani na kumtia kichefuchefu, mara nyingi daktari hugundua kuwa ugonjwa ulianza kimya kimya siku nyingi nyuma.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina ikikosa oksijeni hutoa kemikali inayootesha mishipa mipya. Mishipa hiyo dhaifu hutambaa hadi mbele ya jicho na kuziba njia ya kutolea maji ya ndani. Maji yanaendelea kutengenezwa, hayana pa kutokea, presha inapanda. Kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Hapa kinaweza kupita 40, na mshipa wa fahamu wa jicho hufa haraka.

Dawa za matone peke yake mara nyingi hazitoshi, ndipo upasuaji unapohitajika. Lakini retina hutibiwa kwanza, kwa leza au sindano ya ndani ya jicho, ili mishipa mipya inyauke. Isiponyauka, huvuja damu wakati wa upasuaji, na kovu huweza kuziba njia mpya.

Kisha daktari hufungua tundu dogo kwenye weupe wa jicho ili maji yachuruzike chini ya utando wa juu, au huweka mrija mwembamba wenye valvu. Jicho lililokwisha kupofuka lakini linauma hutulizwa kwa leza inayopunguza utengenezaji wa maji.

Matibabu yote haya hushusha presha. Hakuna linalorudisha uoni uliopotea.

Ndiyo maana mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa kupimwa retina mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mboni hutiwa dawa ipanuke ili daktari aone nyuma.

Wataalamu wa macho husomeshwa Moshi, Nairobi, Kampala na Mbarara, na tangu 2012 ukanda huu una chuo cha pamoja cha taaluma hiyo, COECSA. Hata hivyo, mtaalamu wa nchi yoyote huokoa tu kile ambacho mgonjwa amefika nacho.