Je, Wajua? Shreda Ilizaliwa na Mashine ya Tambi

Ukinunua karanga Forodhani, mjini Zanzibar, jioni, unapewa katika karatasi iliyosokotwa mfano wa pembe. Siku moja nilipomaliza kutafuna nikaikunjua yangu kabla ya kuitupa. Ilikuwa fomu ya mkopo. Jina kamili, namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, namba ya simu, mshahara, na chini kabisa saini ya mdhamini. Nikarudi kwa muuzaji.

"Shikamoo babu. Karatasi hizi mnazipata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Twauziwa kwa kilo. Za ofisini ndizo nzuri, hazitoboki upesi."

Yule mzee hana kosa. Aliyeitoa karatasi ile ofisini ikiwa nzima ndiye aliyekosea, na kifaa ambacho kingemwokoa kinauzwa mjini humu humu: mashine ya kuchania karatasi, ambayo wenye maduka huiita shreda.

Mmarekani Abbot Augustus Low alipewa hataza ya mashine ya namna hiyo Agosti 1909, lakini haikufika sokoni. Iliyofika ilitoka Balingen, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1930. Inasimuliwa kwamba fundi Adolf Ehinger alikuwa akichapa karatasi za kuwapinga Wanazi, jirani akaziona kwenye taka na kumtishia kumshitaki. Ehinger akaikumbuka mashine ya jikoni ya kukatia tambi, ile ya kuzungusha kwa mkono, akatengeneza yake ya kulisha karatasi. Ndiyo maana hadi leo shreda rahisi kabisa hutoa kitu kinachofanana na tambi za Iddi.

Na hapo ndipo penye hila. Tambi huungika. Novemba 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipovamiwa, wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuzichana nyaraka zao nyingi kwa mashine. Wairani wakakusanya vipande, wakawaita watu waliozoea kufuma mazulia, nao wakavipanga utepe kwa utepe mpaka kurasa zikasomeka, kisha zikachapwa vitabu. Mtu aliyezoea kuhesabu nyuzi za zulia hatishwi na tepe thelathini na tano, na hizo ndizo unazopata ukiikata karatasi ya A4 kwa upana wa milimita 6.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei wala rangi. Uliza ukubwa wa kipande. Tangu 2012 Wajerumani wana kanuni iitwayo DIN 66399, na mwaka 2018 ikawa ya kimataifa kwa jina la ISO/IEC 21964. Kwa karatasi kuna ngazi saba, P-1 hadi P-7, na herufi hizo huandikwa kwenye boksi au kwenye kijitabu cha mashine. P-2 ni tepe za milimita 6, tambi kama zile za Tehran. P-4 hukata mara mbili, wima na mlalo, na kipande hakizidi milimita za mraba 160, hivyo ukurasa mmoja wa A4 hugeuka vipande karibu 390. P-5 hushuka hadi milimita za mraba 30, na ukurasa hutoa zaidi ya vipande 2,000. P-7, ya siri za dola, huacha chembe za milimita za mraba 5.

Nyumba ya wageni ya Shangani inayokusanya vivuli vya pasipoti mwaka mzima, zahanati, skuli, wakili wa Vuga: hao wote, kwa maoni yangu, wanunue P-4 na wasishuke chini yake. Wanaoshika mafaili ya wagonjwa wapande P-5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeshawaonyesha Watanzania kwamba taarifa za mtu si mali ya aliyezikusanya. Ambaye ana shreda ya kutoa tambi tu, basi ailishe karatasi kwa namna ambayo meno yataikata mistari ya maandishi. Ukiilisha vibaya, meno hupita sambamba na mistari, na kila utepe unabaki na sentensi nzima.

Sasa CD na DVD, ambazo watu huzisahau. Droo za mjini humu bado zina CD za picha za hospitali, hesabu za maduka, na harusi za watu. Wengi huamini kuikwaruza sehemu inayong'aa kunatosha. Kwenye CD, data imo katika utando mwembamba wa alumini ulio upande wa juu, ule wenye maandishi, chini ya rangi tu. Upande unaong'aa ni plastiki inayokaribia milimita 1.2, na mkwaruzo wake unaweza kusuguliwa ukaondoka. DVD ni ngumu zaidi, kwa kuwa utando wake umebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6.

Hebu tupige hesabu. CD ya megabaiti 700 ina eneo la data la milimita za mraba kama 8,600. Kipande cha milimita za mraba 160, ambacho kwa karatasi kingebeba maneno machache, kwenye CD hubeba megabaiti zipatazo 13, yaani maelfu ya kurasa za maandishi. Kwenye DVD ya gigabaiti 4.7 kipande hicho hubeba zaidi ya megabaiti 80. Ndiyo maana diski zina ngazi zao, O-1 hadi O-7, na ya mwisho hudai chembe za milimita za mraba 0.2. Shreda inayoikata CD vipande vinne inaifanya isichezeke, basi. Itafute yenye tundu la diski peke yake na chombo chake cha taka, maana plastiki ikichanganyika na karatasi, karatasi hiyo haifai tena kurejelezwa. Flashi na diski kuu ya kompyuta usizitie humo kabisa, utavunja meno.

Pwani yetu nayo ina masharti yake. Karatasi iliyonyonya unyevu wa masika hukwama, na chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu upesi. Paka mafuta ya shreda mara kwa mara, na usipulizie ya kopo la gesi, kwa sababu cheche ya mota inaweza kuiwasha. Uliza pia mashine hufanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzika. Ndogo nyingi huchoka kwa dakika chache, kisha zinataka nusu saa kupoa.

Kuna wanaosema, kwa nini nisichome tu? Mji Mkongwe, wenye nyumba zilizobanana na dari za boriti, si mahali pa kuchomea mafaili. Tena bunda la karatasi huungua kingo, katikati likabaki linasomeka. Waingereza walilijua hilo. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka kwenye makoloni, waliagiza nyaraka zinazochomwa ziwe majivu na majivu yapondwe, au zizamishwe katika maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Ulimwengu ulianza kupata picha mwaka 2011, pale kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya dhidi ya serikali ya Uingereza mjini London ilipofichua mafaili ya makoloni yaliyofichwa katika kituo cha serikali hiyo, Hanslope Park. Mengi ya Kenya hayakutoka, kwa kuwa hayakuwepo tena. Kwa hiyo ofisi yenye mafaili ya zamani ipitie kwanza Nyaraka za Taifa, Kilimani, iulize yapi ni ya kuhifadhiwa, ndipo iwashe mashine.

Na asiyeweza kununua mashine? Achane vipande vidogo, avitie ndooni, avifunike kwa maji usiku kucha. Wino wa printa ya leza ni plastiki na haufutwi na maji, kwa hiyo asubuhi ni kazi ya mikono: fikicha kama unavyofikicha nazi kutoa tui, mpaka iwe uji usio na herufi. Ile fomu ya karanga niliifanyia hivyo. Kwa mafuta ya karanga yaliyoilowesha, ilinichukua siku mbili.