Ndengu Zimeuzwa, Lakini Je, Pesa Imeingia?

Ukifika Mbumbuni, kule Mbooni Mashariki katika Kaunti ya Makueni, mwezi wa Januari au Februari, utakuta ndengu zimeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo Ukambani hutegemea zaidi kuliko masika, na ndengu huiva upesi. Kwa hivyo sehemu kubwa ya hela za mwaka huingia ndani ya wiki chache tu.

Shida ni kwamba wiki hizo ndizo shule zinafunguliwa. Karo inadaiwa, kila jirani ana magunia ya kuuza, na bei iko chini. Broka anayajua hayo yote. Anakuja na pikapu na mizani yake (mizani tutaiongelea siku nyingine), na anataka kuondoka haraka.

Kabla M-Pesa haijaanza Machi 2007, broka alilipa kwa noti. Noti unaihesabu, unaiinua juu uiangalie. Siku hizi simu inalia, meseji inaingia, gunia linapanda gari. Lakini meseji si pesa! Mtu yeyote anaweza kuandika maneno yanayofanana na yetu, pamoja na jina, kiasi na hata salio jipya, akakutumia kutoka nambari ya kawaida. Ukiwa umesimama juani tangu asubuhi, ni rahisi kutoangalia nani ameituma.

Basi kabla gunia halijapakiwa, fungua menyu uangalie salio mwenyewe. Broka wa kweli atasubiri hiyo dakika moja. Akianza kukuharakisha, shusha gunia.

Kuna ujanja mwingine, na huu ndio unaotuudhi zaidi. Malipo ni ya kweli, salio limepanda, gari limeenda. Halafu mnunuzi anaomba pesa zirudishwe akidai alikosea nambari. Dawa yake ni kuandikiana: kilo ngapi, bei gani, nambari ya gari, sahihi. Karatasi ya daftari la mtoto inatosha. Na mtu akikupigia kusema ametuma kimakosa, usimrudishie wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja, nawe upige ueleze kwamba hayo ni malipo ya ndengu.

Wazee wengi huomba kijana wa duka awasomee meseji. Kusomewa si vibaya, ila PIN bonyeza mwenyewe, na usiitaje kwa sauti hata kama foleni ni ndefu.

Tena si lazima utoe pesa yote. Siku ya soko wakala anaweza kuishiwa na noti mapema kwa sababu kila mtu anatoa. Kama shule ina nambari ya kulipia, lipa karo moja kwa moja, na risiti inabaki kwenye simu.

Halafu, kabla broka hajafika, muulize mwalimu mkuu kama atapokea nusu ya karo kwa sasa. Akikubali, uza magunia machache, mengine uyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana wadudu wa ndengu hawangoji bei ipande.