Mfalme wa Kurtz alitawala hadi Ayivu

Wengi husoma Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad iliyotoka jaridani mwaka 1899, kama habari za Kongo ya mbali. Kurtz, wakala wa pembe za ndovu, anaingia msituni akijidai kuleta ustaarabu; anaishia kuabudiwa, vichwa vya watu vimetundikwa mbele ya nyumba yake.

Conrad aliyaona ya Kongo mwaka 1890, enzi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ndugu msomaji unayevuka Vurra au Oraba na mzigo wako, mfalme huyo huyo alikodishiwa na Waingereza eneo la Lado mwaka 1894, Ayivu na Koboko zikiwamo! Alikufa 1909. Waingereza walipolichukua 1910, wawindaji wazungu walikuwa wakichinja ndovu bila wa kuwauliza. Uganda ikatupata 1914, na mpaka ukawakata Walugbara vipande viwili.

Conrad naye simsamehe yote. Uozo wa Mzungu ameuanika, lakini Waafrika wake hawana majina na karibu hawasemi. Watu wetu walipokimbilia Zaire mwaka 1980, ng'ambo ya mpaka walipokewa kwa Kilugbara.