Swali la Kumuuliza Mtu Asiyekujua

Katika makundi ya WhatsApp ya wajasiriamali hupita kila mara ujumbe wa aina moja. Kijana anaandika kwamba ana wazo la programu ya simu, analieleza kwa aya mbili, kisha anamalizia: "Wadau, mnaonaje?" Majibu hayakawii. Safi sana. Hongera, kaka. Wazo zuri, komaa nalo. Kesho yake kundi limeshahamia kwenye mambo mengine, naye anabaki akiamini kuwa soko limemkubali.

Soko halijasema lolote. Kazi yangu ni kuwashauri vijana wanaoanzisha kampuni changa, na nimeona akiba ya miaka ikiishia kwenye programu ambayo msingi wake wote ulikuwa hongera za namna hiyo. Inaniuma kwa sababu vijana hawa si wavivu. Waliuliza kabla ya kujenga, kama wanavyofundishwa. Walichokosea ni swali.

Tumezoea kuambiwa tusiwaulize ndugu na marafiki kwa kuwa watatusifu. Rob Fitzpatrick aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2013, The Mom Test, na hoja yake ni kwamba hata mama yako mzazi atakupa ukweli ukimuuliza swali linalofaa. Wengi huishia nusu ya somo hilo: wanawakwepa jamaa zao, wanakwenda mtandaoni kwa watu wasiowajua, kisha wanawauliza swali lilelile bovu. Mtu asiyekujua hana undugu wa kulinda, ni kweli, lakini kusifu hakumgharimu chochote. Kukosoa kunamgharimu: lazima afikiri, aandike, ajibizane, na pengine aonekane mwenye roho mbaya mbele ya kundi. Basi ama anakupongeza, ama anapita kimya. Ukimwomba hukumu juu ya wazo lako, atakupa adabu.

Anachoweza kukupa kwa ukweli ni habari za maisha yake mwenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 25 Agosti 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwaandikia watumiaji wa Minix kupitia Usenet, mtandao wa majadiliano wa zama hizo. Minix ulikuwa mfumo endeshi mdogo wa kompyuta ambao Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliutunga kwa ajili ya kufundishia. Torvalds aliwaarifu kwamba anatengeneza mfumo wake, wa kujifurahisha tu, ambao hautakuwa mkubwa. Hakuwauliza kama wazo lake ni zuri. Aliwauliza wanapenda nini na wanachukia nini ndani ya Minix, kwa kuwa wake ulifanana nao kwa kiasi. Akaongeza kwamba mapendekezo yanakaribishwa, ila haahidi kuyatekeleza.

Tazama alivyojipanga. Alikwenda kwa watu ambao tayari wanaishi na tatizo, si kwa umati wowote wenye intaneti. Aliwauliza kuhusu kitu walichokuwa wakikitumia kila siku, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na malalamiko yake mkononi. Kwa kuuita mradi wake jambo la kujifurahisha, aliwaondolea wajibu wa kumtia moyo. Na kwa kutoahidi kitu, alibaki huru kuchuja. Miezi michache baadaye, Januari 1992, Tanenbaum mwenyewe alitangaza mbele ya kundi hilohilo kwamba Linux, kama mfumo wa Torvalds ulivyokuja kuitwa, imepitwa na wakati kimuundo. Hiyo ilikuwa hukumu ya bingwa, tena yenye hoja za kisayansi, lakini haikueleza watumiaji wanahitaji nini kwenye kompyuta zao. Leo kiini cha Linux ndicho kinachoendesha simu za Android zilizojaa mifukoni mwetu.

Sasa tuilete njia hiyo karibu. Tuseme dada mmoja wa Mwanza anataka kutengeneza programu ya kuwapa wanunuzi wa mbali bei ya dagaa ya soko la Mwaloni, Kirumba. Anaingia kwenye kundi la wafanyabiashara wa dagaa na kuuliza: "Je, mngetumia programu inayoonyesha bei kila asubuhi?" Watasema ndiyo. Nani atakataa kupewa bei bure? Jibu hilo halimwongezei maarifa hata chembe.

Abadilishe swali. "Mara ya mwisho ulipoagiza mzigo kutoka Mwaloni ukiwa mbali, bei uliijuaje? Ulimpigia nani? Mzigo ulipofika, kuna kitu hakikuwa sawa? Ulifanyaje?" Maswali haya hayataji programu wala hayamtaji mwenye wazo. Yanamrudisha mtu kwenye tukio lililokwisha kutokea, na tukio halipambwi kirahisi kama matarajio. Huenda akagundua kwamba bei si shida kabisa, kwa kuwa kila mnunuzi ana dalali wake wa siku nyingi anayempigia alfajiri. Huenda kilio cha wengi kikawa dagaa waliochanganyika na mchanga kwa sababu walianikwa chini, au fedha iliyotumwa kabla mzigo haujaonekana. Hapo wazo la kwanza limekufa, na la pili, lenye nguvu zaidi, limezaliwa kabla hajalipa hata shilingi kwa mtengeneza programu.

Swali ninalosisitiza kuliko mengine ni lile la mwisho: ulifanyaje? Mtu aliyeumizwa na jambo kweli huwa amekwisha jaribu kujinasua. Amenunua kitu, amemlipa mtu, ameanzisha daftari, amebadili njia. Akikuambia kuwa jambo linamkera sana lakini hajawahi kufanya lolote, amini alivyotenda kuliko alivyosema. Hatalipia dawa ya ugonjwa asiouhangaikia.

Kosa la pili ni kutojua anayekujibu ni nani. Mwezi Aprili 2007 Mmarekani Drew Houston aliwaonyesha watengeneza programu mtandaoni huduma yake ya Dropbox ikiwa bado changa. Ilikusudiwa kuhifadhi mafaili ya mtu na kuyaoanisha kwenye kompyuta zake zote, ili aache kutembea na flashi. Mmoja alimjibu kwamba mtumiaji wa Linux anaweza kujiundia kitu kama hicho kwa zana zilizopo. Jibu hilo limechekwa miaka mingi, hasa baada ya Dropbox kuingia kwenye soko la hisa mwaka 2018. Mimi silicheki. Mtu yule alisema ukweli kuhusu yeye na wenzake. Hakuwa karani wa ofisi wala mwanafunzi aliyesahau kazi yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Kosa lingekuwa la Houston kama angelichukua jibu la fundi kuwa jibu la wateja wote.

Kwetu hatari hii ni kubwa zaidi. Anayejibu haraka kwenye makundi ya teknolojia ni mwenye bando la kutosha, mara nyingi anaishi Nairobi au Dar es Salaam, na mara nyingi naye ana wazo lake analolipigania. Ukijenga huduma ya mama lishe kwa maoni ya watu hao, umejenga huduma ya watu hao. Kabla ya kuhesabu majibu, muulize kila mmoja anafanya kazi gani na tatizo lilimkuta lini. Wanaobaki baada ya hapo ni wachache, na hao ndio wa kuwasikiliza.

Lipo pia jambo la gharama. Maneno ni bure, kwa hiyo mwombe mtu kitu kinachomgharimu japo kidogo: dakika kumi za simu, namba yake, oda ndogo. Joel Gascoigne, alipoanzisha Buffer nchini Uingereza mwaka 2010, hakuanza na programu. Aliweka ukurasa unaoeleza huduma ya kupangia ratiba ujumbe wa Twitter, wenye kitufe cha kutazama bei. Aliyekibonyeza aliambiwa kwamba huduma haijawa tayari na kuombwa aache anwani yake ya barua pepe. Alipoona watu wanaziacha, aliingiza ukurasa mwingine katikati, wenye mpango wa bure na mipango miwili ya kulipia, ili aone wangapi wangeendelea mbele baada ya kuiona bei. Baadhi waliichagua mipango ya kulipia. Ndipo akajenga, na mteja wa kwanza aliyelipa alipatikana siku chache tu baada ya huduma kufunguliwa mwishoni mwa Novemba.

Njia hii inafaa hapa, kwa masharti mawili. Usipokee fedha ya mtu kwa huduma ambayo haipo. Watu wetu wametapeliwa vya kutosha mtandaoni, na ukiwaongezea jeraha unamharibia pia atakayekuja baada yako. La pili, namba na anwani unazokusanya si mali yako ya kufanyia utakavyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waeleze watu kwa nini unachukua taarifa zao, chukua zile unazozihitaji tu, na usiwauzie wengine.

Wapo wanaokataa kuuliza kabisa kwa kuogopa kuibiwa wazo. Hofu hiyo naielewa, lakini maswali ya dagaa niliyoyataja hayafichui siri yoyote, kwa kuwa yanahusu shida ya mteja na si ufumbuzi wako. Penye uvumbuzi wa kiufundi unaostahili hataza hapo ndipo pa kuwa makini kweli: chini ya sheria ya hataza ya Ulaya, kuuweka hadharani kabla ya kuwasilisha ombi kunaweza kukunyima haki. Muone mwanasheria kwanza, kisha ndiyo uandike mtandaoni.

Na hata swali zuri lina mpaka wake, kwa sababu watu hawasimulii wasichokijua kuhusu wao wenyewe. Mtandao ukishakupa watu wako kumi wa kwanza, omba uwatembelee, au wape kitu kidogo wakitumie huku ukitazama. Jaribio la M-Pesa lililoanza Kenya mwezi Oktoba 2005 lilifanywa na Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wateja walikuwa wachache, hawakufika hata 500, na lengo lilikuwa kuwarahisishia marejesho ya mikopo. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi huo, waliona watu wakifanya mambo yasiyokuwamo kwenye mpango. Wengine walimlipia mwenzao mkopo naye akawalipa kwa kazi. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni humo kwa usalama kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafungwa. Msafiri aliweka fedha alikotoka na kuitoa alikofika, akiepuka kubeba noti njiani. Wengine waliwanunulia ndugu zao wa shamba muda wa maongezi. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwa tena habari kuu. Iliyotangazwa ilikuwa kutuma pesa nyumbani.