Mtoto alale, mtaji usilale

WATOTO wengi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju huamka kabla ya jua kuchomoza ili wawahi shule. Mzazi anayetaka mwanawe aamke alfajiri hana budi kumlaza mapema, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Televisheni iko sebuleni, chumbani hakuna kinachomvuta mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukiwamo wa mchana, na awe na saa maalumu za kulala na kuamka. Kitanda peke yake hakileti usingizi, lakini mtoto anayekipenda kitanda chake hupanda bila kufukuzwa. Hapo ndipo ilipo biashara ya vitanda vyenye umbo la gari, nyumba au wanyama.

Kwa mafundi wa Keko, Temeke, swali ni jinsi ya kutengeneza vitanda hivyo bila kufunga mtaji.

Hesabu ya mzunguko

Tuchukue mfano. Kitanda cha kawaida cha futi 3 kwa 6 kinagharimu Sh 200,000, kinaleta faida ya Sh 50,000 na kinauzwa ndani ya wiki mbili. Kitanda cha umbo la gari kinagharimu Sh 400,000, kinaleta faida ya Sh 120,000, lakini kinakaa dukani wiki 12. Fedha hiyo hiyo ya Sh 400,000 ikiwekwa kwenye vitanda viwili vya kawaida, itazunguka mara sita katika wiki hizo na kuleta Sh 600,000. Faida kubwa kwa kipande si lazima iwe faida kubwa kwa mwaka.

Aidha, kitanda cha umbo la pekee mara nyingi hudai godoro la kukatwa, na mtoto akifika darasa la tano hataki tena kulala ndani ya gari. Godoro la futi 3 kwa 6 linapatikana karibu kila mtaa, na kitanda chake humfikisha mtoto hadi sekondari.

Njia yenye nafuu ni kutengeneza kitanda cha kawaida, kisha kufunga pambo kwa skrubu: ubao wa kichwani wenye umbo la tembo, magurudumu ya mbao ubavuni, au droo za kuchezea chini ya chaga. Mtoto akikua, pambo linafunguliwa na kitanda kinabaki. Wachonga vinyago wa Mwenge, Kinondoni, wana ufundi wa kazi hiyo, na fundi seremala anaweza kuwapa oda ya vichwa vya vitanda tu.

Mbao na ushindani

Mninga na mkongo ni mbao za bei, na kuzipaka rangi ni kufunika kile mteja anacholipia. Kwa kitanda cha rangi, paini, kama ya Sao Hill wilayani Mufindi, inatosha, mradi iwe imekauka na kutiwa dawa ya wadudu. Rangi iwe isiyo na risasi, kwani madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Marekani iliipiga marufuku rangi ya nyumbani yenye risasi tangu mwaka 1978.

Vitanda vinavyotoka nje mara nyingi ni vya mbao za kusagwa na kugandishwa kwa gundi, maarufu kama MDF. Vinapendeza machoni, lakini vikilowa huvimba. Tangu Julai 2022, samani ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa katika kiwango cha ushuru wa forodha cha asilimia 35 cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hiyo ni nafasi kwa fundi wa ndani, iwapo kazi yake itakuwa safi.

Usalama nao unauza

Dabodeka huokoa nafasi kwenye chumba cha watoto wawili, ila lina masharti. Kanuni za Marekani za mwaka 1999 zinataka kingo za juu zizidi godoro kwa inchi 5 au zaidi, nafasi kati ya mbao zisizidi inchi 3.5 ili kichwa kisinase, na kuwepo onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu.

Halafu kuna chandarua. Kitanda kisicho na mahali pa kukifungia hakifai Dar es Salaam, hata kikiwa kizuri namna gani. Nguzo nne, kama za samadari ya mwambao, zinamaliza tatizo hilo, na zikivishwa kitambaa cha rangi mtoto ataona amepata nyumba yake.

Kwa anayeanza, ushauri ni kuweka dukani kitanda kimoja cha maonyesho, kuchukua oda kwa malipo ya awali, na kuangalia kalenda. Januari ni mwezi wa ada, sare na madaftari. Atakayejaza vitanda dukani mwezi huo atakuwa akipangusa vumbi.