Moyo Ukielemewa, Mwili Huugua

Mama analalamika kwamba tumbo lawaka moto. Usiku hapati usingizi, mchana hana nguvu ya kuteka maji. Amepimwa damu, amepimwa choo, hakuonekana kitu. Akirudi nyumbani watu husema, "Huyu anajisingizia tu." Je, ni kweli? Wapenzi wasomaji, mara nyingi si kweli. Yako magonjwa yatokayo katika moyo wenye huzuni, hofu au uchungu. Ni magonjwa ya kweli, nayo yana tiba.

Kwanza tuone jinsi yanavyotokea. Ukikutana na nyati kichakani, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, tumbo hukaza. Ubongo umetoa amri, na tezi ndogo zilizo juu ya figo zimemwaga maji yake katika damu, ili mwili uwe tayari kukimbia. Nyati akienda zake, mwili hutulia. Lakini deni, ugomvi wa nyumbani au kifo cha mtoto si nyati wa kuondoka upesi. Hofu ikikaa miezi mingi, usingizi hupotea, kichwa huuma, chakula hakipendezi. Moyo ndio ulioelemewa, lakini mwili ndio uliao.

Ukitoka Karatu, ukapita lango la Lodoare na kupanda ukingo wa Ngorongoro, wafika nchi ya Wamasai. Katika nchi hiyo pana, iendayo hadi Monduli na Kiteto, tangu miaka ya 1950 ulienea ugonjwa uitwao orpeko. Uliwapata hasa wanawake. Mgonjwa aliona tumbo likiwaka, alikosa nguvu, aliota ndoto mbaya, akatetemeka na kupiga kelele. Watu walisema ameingiwa na pepo. Dawa za laiboni hazikumponya.

Dorothy Hodgson, mtaalamu Mmarekani aliyekaa na Wamasai na kuandika kitabu juu yao mwaka 2005, alitazama mambo ya nyakati zile. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na mpango wa maendeleo ya Wamasai, tangu 1951 hadi 1955. Kodi, mnada na fedha vilikuwa mambo ya wanaume. Mwanamke, ambaye zamani alikuwa na haki zake juu ya mifugo na maziwa, aliachwa nyuma. Mzigo alikuwa nao, mahali pa kuutua hakuwa napo.

Waliponaje? Wengi walipona walipoingia mafundisho ya dini na kubatizwa, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri pia. Neema ni kazi ya Mungu, nasi hatuipimi kwa mizani. Lakini tutazame na njia ya kibinadamu. Mwanamke alitoka bomani, akaketi na wenzake wiki baada ya wiki, akaimba nao, akasikilizwa. Hata mume aliyekataza mkewe asiende kanisani, alipomwona anaugua hivi alimpa ruhusa.

Nasi wa Karatu tuna la kujifunza. Wazee wa Kiiraqw waijua desturi ya metimani. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna fulani, kama mama kufiwa na mtoto mchanga, ilitengwa na majirani kwa muda ili mkosi usiwafikie wengine. Nia ilikuwa kuwalinda watu wote. Lakini mama yule alilia peke yake siku zile alipowahitaji watu kuliko siku zote. Na leo, pasipo desturi yo yote, hatumtengi mjane, au jirani aliyewahi kuugua akili?

Kwamba kuketi pamoja huponya, jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 lilijaribiwa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, huko Uganda, karibu na mpaka wa Kagera. Watu wa huko huiita huzuni nzito yo'kwekyawa, yaani kujichukia. Katika nusu ya vijiji, wagonjwa walikutana kwa vikundi, mara moja kila wiki, kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa waganga, bali wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya misiba, magomvi, na mabadiliko ya maisha. Vidonge havikutolewa. Mwisho, kati ya watu 100 wa vikundi, 6 au 7 tu walikuwa bado na ugonjwa ule. Kati ya 100 wasiokuwa na vikundi, walibaki nao 55.

Basi tufanyeje?

Kwanza, mgonjwa aende hospitali. Uchovu na maumivu ya viungo huenda ni brusela, iletwayo na maziwa mabichi, au ni upungufu wa damu. Na kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kina dawa zake, wala zisiachwe.

Pili, asichekwe, asifungwe kamba, asipigwe eti pepo atoke.

Tatu, apewe nafasi ya kusema. Mwulize, "Ulianza kuumwa lini? Siku zile kulitokea nini nyumbani?" Kisha nyamaza, usikilize. Na siri yake iwe siri.

Nne, asikae peke yake. Jumuiya ndogo, WAWATA, au kikundi cha kuweka akiba chaweza kumpokea. Lakini mtu akisema hataki tena kuishi, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Nanyi akina baba, msidhani haya ni ya wanawake tu. Wangapi kati yenu huzuni yao wameificha kilabuni?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini nani atafunua maradhi ya moyo mbele ya watu wanaocheka? Leo jioni, kila mmoja ajiulize: nyumbani kwangu, mtu aweza kusema "nimeelemewa," akasikilizwa?