Pumzi Hutangulia, Mifupa Hufuata

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu, nao ni triathloni. Mtu huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, na akishuka hapo hukimbia, yote kwa mfululizo. Katika Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia mwaka 2000 huko Sydney, huogelea kilometa 1.5, baiskeli kilometa 40 na mbio kilometa 10. Mashindano marefu zaidi yaitwayo Ironman, yaliyoanzia Hawaii mwaka 1978, ni kilometa 3.8 za majini, 180 za baiskeli na 42 za miguu.

Mwaka 2012 huko Kanada mtawa wa Kimarekani, Sista Madonna Buder, alimaliza Ironman akiwa na umri wa miaka 82. Alianza kukimbia akiwa anakaribia miaka 50, na triathloni yake ya kwanza aliifanya akiwa na miaka 52. Hatumtaji ili bibi zetu waanze kutafuta baiskeli. Tunamtaja kwa sababu ya ile miaka 30 iliyo katikati. Mazoezi ya muda mrefu namna hiyo huufanyia nini mwili?

Damu ndiyo hubadilika kwanza. Ndani ya wiki moja au mbili sehemu yake ya maji huongezeka. Chembechembe nyekundu huongezeka baadaye. Moyo hupokea damu nyingi zaidi, na kila pigo husukuma kiasi kikubwa zaidi. Miezi na miaka ikipita, chumba cha kushoto cha moyo hupanuka. Ndiyo maana mtu wa kawaida akiwa amepumzika moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, lakini wa mwanariadha aliyezoea waweza kupiga mara 50 au hata 40. (Asiye mwanariadha akiwa na mapigo machache hivyo, tena anaona kizunguzungu, amwone daktari.) Mapafu yenyewe hayakui, ingawa wengi hudhani hivyo.

Kwenye misuli huchipuka mishipa midogo mipya ya damu. Vijisehemu viitwavyo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kuwa nguvu kama kuni jikoni, navyo huongezeka. Faida yake ni kubwa. Sukari iliyowekwa akiba katika misuli na ini hutosha saa moja na nusu au mbili tu za kazi ngumu, lakini hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumtosha siku kadhaa. Mwili uliozoezwa hutumia mafuta zaidi na kuitunza sukari, hivyo mtu huenda mbali kabla ya kuishiwa nguvu.

Sasa tuangalie kano na mifupa, maana hapa ndipo wengi huumia. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo huchukua miezi mingi kuimarika. Kijana aliyeanza mazoezi huona baada ya miezi miwili kwamba hahemi tena, naye huongeza kilometa kwa furaha. Kifua kimekubali, kisigino hakijakubali. Huanza maumivu nyuma ya kisigino, gotini au kwenye ugoko, na mfupa waweza hata kupata ufa. Triathloni ina mtego wake hapa, kwa kuwa maji humbeba mwogeleaji na baiskeli humbeba mwendeshaji. Mtu aweza kuwa na moyo wa bingwa na mifupa ya mwanafunzi. Mbio, basi, ziongezwe taratibu kuliko mengine yote.

Tena mwili haujengeki wakati wa mazoezi, bali baada yake, mtu anapokula na kulala. Anayejilazimisha kila siku huamka mapigo yakiwa juu kuliko kawaida yake, hulala vibaya, hukasirika upesi, na kasi yake hupungua badala ya kuongezeka. Akina mama, binti anayefanya mazoezi mengi huku anakula kidogo aweza kukosa hedhi miezi kadhaa. Msilichukulie hilo kuwa ndiyo hali ya wanariadha. Ni dalili kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake inadhoofika akiwa bado msichana. Aongezewe chakula, apunguziwe mazoezi, apelekwe hospitali.

Anayeacha mazoezi kabisa huanza kupoteza pumzi ndani ya wiki mbili au tatu. Uzee nao hauzuiliki: baada ya miaka 30, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua karibu asilimia 10 kila miaka kumi kwa wasiofanya mazoezi. Kwa wanaoendelea nayo bila kuacha, upungufu waweza kuwa kama nusu ya huo. Sista Buder naye alipungua kasi. Siku ile ya Kanada alitumia saa 16 na dakika 32, na muda unaoruhusiwa ni saa 17.